Rojo la Shaba Kwenye Ncha za Kapasita

Ukiiweka bodi ya simu ya kisasa chini ya hadubini utaona, kuizunguka prosesa, vipande vya kahawia vya mstatili vilivyopangwa kwa safu. Hizo ni kapasita za kauri, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi. Simu moja hubeba mamia yake, na zile za bei kubwa hupita elfu moja. Kila kapasita ina ncha mbili za rangi ya fedha, na mafundi wengi, hata walio hodari, huzichukulia ncha hizo kuwa mahali pa kushikia risasi ya kuchomelea basi. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliimalizia kwenye ncha hizo, katika kiwanda kimoja nchini Japani. Tangu hapo siwezi kuiona kapasita iliyokufa bila kujiuliza kwanza ncha zake zilipakwaje.

Nilifika huko kupitia ufadhili wa serikali ya Japani uitwao ABE Initiative, ambao humpa kijana wa Kiafrika nafasi ya kusoma shahada ya uzamili na kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni za huko. Mafunzo yalipoisha, kampuni iliniajiri. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma uhandisi wa elektroniki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jioni nilikuwa nakaa na mafundi simu Kariakoo. Pale kapasita iliyoshoti tuliitafuta kwa kuingiza umeme kidogo kwenye laini, kisha kupapasa bodi kwa kidole kuona panapopata moto. Ikipatikana inang'olewa, simu inawaka, mteja anaondoka na furaha yake. Kwa nini ilishoti, hakuna aliyeuliza, na foleni haikuruhusu kuuliza.

Kiwandani nilipangiwa idara ya kupaka elektrodi za nje, yaani zile ncha zinazopitisha umeme. Nilikuwa nimetamani idara ya kauri, kule wanakotandaza matabaka ya bariamu titaneti, kauri ya kapasita, yenye unene usiofika mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita) na kuyapanga mamia kwa mamia. Huko ndiko sifa ziliko. Kwetu ilikuwa kuchovya tu: unakamata kapasita, unachovya ncha moja kwenye rojo la shaba, unakausha, unachovya ya pili. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya asubuhi moja kuijua.

Lakini fikiria kilichomo ndani. Kati ya kila matabaka mawili ya kauri pana elektrodi nyembamba ya nikeli. Elektrodi ya kwanza inatokeza upande wa kushoto, ya pili upande wa kulia, ya tatu kushoto tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Zote zimekatwa zikaishia kwenye uso wa ncha, kila moja ikionyesha mstari mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Rojo la shaba ndilo linalozikusanya zote za upande mmoja kuwa kitu kimoja. Elektrodi ambayo rojo halikuigusa haipo, hata kama aliyeitengeneza aliitengeneza kwa ustadi wa kushangaza. Kazi yote ya wale wenye sifa inapita kwenye mlango wetu.

Aina tuliyoishughulikia zaidi ilikuwa na urefu wa milimita 1.0 na upana wa milimita 0.5. Kuna ndogo zaidi, milimita 0.4 kwa 0.2, na hata 0.25 kwa 0.125, ambazo ukipiga chafya mezani huzioni tena. Huwezi kuzishika moja moja. Zinaingizwa kwenye sahani ya mpira wa silikoni yenye maelfu ya matundu; kila kapasita inasukumwa ndani ya tundu lake na mpira unaibana, ncha ikiwa imechomoza. Kisha sahani yote inagandamizwa kwenye bamba lililonyooka ili ncha zote zilingane kimo. Hatua hiyo ya kulinganisha kimo huchukua muda mfupi mno, na ikikosewa hakuna mashine mbele itakayoirekebisha, kwa sababu kapasita iliyochomoza zaidi itazama zaidi.

Rojo lenyewe linatandazwa juu ya bamba la chuma kwa kisu kirefu cha kusawazishia, mpaka liwe tabaka lenye unene mmoja kila mahali. Sahani inashushwa, ncha zinazama, zinatulia kidogo, zinanyanyuliwa. Hapo kila ncha inabaki na tone linaloning'inia. Ukiliacha likauke hivyo, ncha itakuwa na kichuguu katikati, na kapasita itazidi urefu unaoruhusiwa. Kwa hiyo sahani inashushwa mara ya pili kwenye bamba lenye tabaka jembamba mno la rojo, ili lile tone lipungue na uso wa ncha ukae sawa. Kasi ya kunyanyua ndiyo roho ya hatua hii. Ukinyanyua haraka, rojo linavutika kuwa uzi, uzi unakatika, na mabaki yake yanalala ubavuni. Ukinyanyua polepole kupita kiasi, unapoteza uzalishaji na rojo linaanza kukaukia bambani.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa karibu kustaafu. Hakunipa kitabu cha taratibu siku za mwanzo. Alinipa kopo la rojo na kijiko bapa cha chuma, akaniambia nilikoroge, nikinyanyue kijiko, nitazame. Kisha nilitulize, nikinyanyue tena, nitazame. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine.

Rojo hilo lina vitu vinne: unga wa shaba wenye chembe za mikromita chache au pungufu, unga wa kioo, gundi ya resini, na kiyeyusho kinachokauka taratibu. Likitulia linakaza, likikorogwa linalainika, likiachwa linaanza kukaza tena, ila si mara moja. Ni tabia ya mtindi uliogandia kwenye kibuyu: umekaa kama kitu kigumu, ukiutikisa unamiminika. Sasa kwenye kuchovya, tabia hiyo ndiyo kila kitu. Wakati kisu kinalitandaza, tunataka liwe laini. Wakati ncha imenyanyuliwa na rojo liko ubavuni mwa kapasita, tunataka likaze haraka lisitambae. Na katikati ya nyakati hizo mbili tunataka litulie kiasi cha kufunika pembe. Rojo moja linaombwa tabia tatu ndani ya sekunde chache.

Pembe ndizo zilizonifundisha zaidi. Kimiminika chochote hukimbia ukingo mkali. Mvutano wa uso wake unakivuta kuelekea sehemu bapa, na ukingoni kinabaki chembamba. Ndiyo maana kabla ya kufika kwetu kapasita huzungushwa kwenye pipa lenye maji na vitu vya kusugulia ili pembe ziviringike kidogo, na nyuso za ncha zisafike elektrodi za nikeli zionekane. Hata hivyo, ukiikata kapasita iliyopakwa na kuitazama, katikati ya uso utakuta shaba ya mikromita 30 hivi, na penye pembe mikromita 5 au chini ya hapo. Jicho la nje halioni tofauti hiyo kabisa. Kapasita inapendeza, kipimo chake ni sahihi, inapita kila jaribio la siku hiyo.

Tatizo linakuja baadaye. Baada ya shaba kuchomwa, kapasita hupelekwa kuvikwa nikeli na kisha bati kwa umeme, ndani ya mapipa yanayozunguka yenye dawa na gololi ndogo za chuma. Pembe ikiwa nyembamba mno, au ikiwa na vitundu, dawa hiyo inapenya hadi kwenye kauri na kubaki humo. Miezi mingi baadaye, kapasita ikiwa ndani ya kifaa cha mtu, unyevu na umeme vinashirikiana na mabaki yale, ukinzani unashuka, umeme unaanza kuvuja. Hapo ndipo fundi wa Kariakoo anapapasa bodi kwa kidole.

Kuna kundi moja la uzalishaji ambalo sitalisahau. Kwenye jaribio la nyuzi 85 za joto na unyevu wa asilimia 85, kapasita kadhaa zilianza kuvuja mapema kuliko inavyotakiwa. Tulizifunga ndani ya resini, tukazisaga kwa msasa mnene kisha mwembamba, tukazing'arisha na kuzitazama kwa hadubini. Pembe zilikuwa zimebaki na shaba kidogo mno. Mashine ilikuwa imekaguliwa na haikuwa na kasoro. Joto la chumba lilikuwa sahihi. Rojo lilikuwa la toleo jipya kutoka kwa aliyetuuzia, na cheti chake kilionyesha mnato, yaani uzito wa kutiririka, uleule wa siku zote, namba ndani ya mipaka.

Mzee alichukua kopo la toleo la zamani na la toleo jipya, akakoroga yote mawili, akanyanyua kijiko. La zamani lilishuka, likakatika, na ncha iliyobaki kwenye kijiko ikajikunja ikatulia. La jipya lilishuka vivyo hivyo, lakini lililobaki likaendelea kuteremka. Hakusema kitu, akanipa kijiko nirudie mwenyewe.

Tulipopima mnato kwa kasi mbalimbali za kulizungusha rojo badala ya moja, mambo yakawa wazi. Kwenye kasi ile inayoandikwa kwenye cheti, marojo yote mawili yalikuwa sawa. Kwenye kasi ndogo sana, jipya lilikuwa jepesi zaidi. Na rojo likiwa limeshikilia ubavu wa kapasita baada ya kunyanyuliwa, linakwenda kwa kasi ndogo sana hiyo hiyo. Cheti hakikudanganya, kilijibu swali ambalo pembe haikuuliza. Kuanzia hapo idara ikawa inapima kila toleo kwa kasi zaidi ya moja, na kupima pia muda rojo linaochukua kukaza baada ya kukorogwa. Nami nikaacha kabisa kuamini kwamba kitu kinachobadilika kwa sekunde kinaweza kuelezwa kwa namba moja.

Kuna mambo madogo ya utunzaji ambayo yanaonekana ya kawaida lakini yameokoa bidhaa nyingi. Kopo linalotoka kwenye friji lisifunguliwe kabla halijafikia joto la chumba, kwa sababu unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya rojo na kuingia humo. Lizungushwe kwenye mashine ya kuviringisha makopo kabla ya matumizi, maana shaba ni nzito na inazama chini. Hewa itolewe, la sivyo viputo vitakuja kuwa vitundu penye pembe. Na rojo lililokaa bambani muda mrefu lisirudishwe koponi ili kuokoa gharama, kwa kuwa kiyeyusho chake kimeshapungua. Hili la mwisho nimelisisitiza kwa kila mtu niliyefanya naye kazi.

Kuchoma kuna somo lake, japo sikukaa sana kwenye tanuru. Shaba ikichomwa kwenye hewa ya kawaida inaoza kuwa oksidi, kwa hiyo tanuru hujazwa nitrojeni na kupandishwa hadi karibu nyuzi 800. Ila gundi ya resini ni lazima iungue iishe, na kuungua kunahitaji oksijeni. Basi inaingizwa oksijeni kidogo mno, ya kupimwa kwa sehemu kwa milioni: ikizidi shaba inaharibika, ikipungua mkaa unabaki ndani, gesi inakwama na ncha inavimba lengelenge. Joto nalo likizidi, kioo kinayeyuka na kupanda juu ya shaba, na nikeli inakataa kushika juu ya kioo. Nilikuwa nikiwatazama watu wa tanuru kwa heshima kubwa. Walikuwa wakiishi kwenye njia nyembamba kila saa ya kazi.

Nimerudi nyumbani sasa. Nafundisha chuoni, na bado napita Kariakoo. Siku moja nilimkuta kijana anasugua ncha za kapasita kwa wembe kabla ya kuibandika.

"Injinia, nimeisafisha kidogo tu ishike risasi vizuri," aliniambia.

"Kaka, hiyo uliyoitoa ndiyo ngao yake," nikamjibu, nikakaa nikamwonyesha.

Bati la juu lipo ili risasi ishike. Nikeli iliyo chini yake, mikromita chache tu, ipo ili risasi ya moto isiifikie shaba, kwa sababu bati lililoyeyuka hula shaba kwa haraka. Ukikwangua hadi shaba ionekane, kisha ukaweka chuma cha kuchomelea muda mrefu, ncha inaliwa hadi elektrodi za ndani zinabaki hazina kiungo. Ncha ikiwa chafu, tumia fluksi, ile dawa ya kusafishia panapochomelewa. Ikiwa imechakaa, weka kapasita nyingine. Na kabla ya kuelekeza hewa ya moto, pasha bodi yote polepole kwanza, maana kauri ikipata joto ghafla upande mmoja inapasuka kwa ndani, na ufa huo huuoni. Kijana yule alinisikiliza kwa makini kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Naye alinieleza jambo: kapasita nyingi zinazomjia zimekufa karibu na matundu ya skrubu na karibu na soketi ya chaji. Ndivyo ilivyo hasa, kwa sababu hapo bodi inapinda. Viwanda vina jibu lake: kati ya shaba na nikeli huwekwa tabaka la resini lenye unga wa fedha, linalopitisha umeme na kunyumbulika, ili bodi ikipinda resini ndiyo iachie badala ya kauri kupasuka. Aina hizo hutumika sana kwenye magari.

Rafiki yangu Mkenya alinitumia wakati fulani bodi za vifaa vya kupimia kutoka maeneo ya visima vya mvuke, upande wa Olkaria karibu na Naivasha. Hapo tatizo halikuwa kapasita. Zilikuwa rizista bapa ndogo, vifaa vya kuzuia umeme kwa kiasi, na ncha za rizista za aina hiyo huanza na rojo la fedha juu ya kauri ya alumina. Mvuke wa ardhini huja na gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo inajipenyeza pale kifuniko cha rizista kinapokutana na nikeli ya ncha, inaifikia fedha, inaigeuza kuwa salfaidi nyeusi, na taratibu njia ya umeme inakatika. Chini ya hadubini niliona vichipukizi vyeusi vimetokeza ukingoni. Ziko rizista zilizotengenezwa kuhimili salfa, ambazo fedha yake imechanganywa na paladiamu au kufunikwa kwa namna nyingine, na kwa eneo kama lile ndizo za kuagiza tangu mwanzo, hata kama bei iko juu.

Kuna jambo linanisumbua kila ninapoieleza ncha ya kapasita mbele ya darasa. Shaba, nikeli, bati: matabaka matatu. Shaba inachimbwa Katanga na Zambia, jirani zetu. Nikeli imelala Kabanga, wilayani Ngara. Bati linachimbwa Kyerwa. Ngara na Kyerwa zote ziko mkoa mmoja, Kagera. Mwenzangu mmoja wa chuoni, mtu wa Goma, aliongeza la kwao: tantalamu inayotoka Rubaya, Masisi, huenda kutengenezewa kapasita za aina nyingine, ambazo nazo huchovywa kwenye grafiti na kisha kwenye rojo la fedha. Madini tunayo. Tusichonacho ni uwezo wa kuyageuza kuwa unga wa chembe za mviringo zinazolingana, zenye ukubwa wa mikromita moja, na kuuchanganya na resini mpaka uwe rojo lenye tabia inayojulikana. Thamani iko kwenye hatua hiyo, na ni hatua ya kemia na subira, inayofundishika. Nasema hivi kwa uchungu, na kwa matumaini pia.

Kwa sababu hiyo nimeanzisha zoezi la elektrodi kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Hatutumii shaba, kwa kuwa hatuna tanuru la nitrojeni. Tunatumia rojo la fedha, ambalo linachomwa kwenye hewa ya kawaida. Tunapaka pande mbili za visahani vya kauri, tunakausha, tunachoma, kisha tunapima uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji, na upotevu wake, yaani umeme unaopotea ndani yake, kwa kilohezi 1. Eneo lililopakwa ndilo linaloamua uwezo, kwa hiyo mkono uliotetereka unaonekana moja kwa moja kwenye mita. Na fedha isiyoshika vizuri kwenye kauri inajionyesha kwa upotevu mkubwa. Binti mmoja wa darasa la mwaka jana alipata visahani vyenye vipimo vinavyokaribiana kuliko vya wote. Nilipomuuliza siri yake, alisema alikuwa anakoroga, anasubiri kwa muda uleule kila mara, ndipo anapaka. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo.

Sasa kila kikundi kinaanza na kopo na kijiko bapa, kabla ya kipimo chochote. Wanaandika walichokiona: uzi ulikatika wapi, ncha ilijikunja au iliteremka, ilichukua muda gani kutulia. Tumeomba fedha za kununulia kifaa cha kupima mnato chenye kasi nyingi. Kikipatikana, kazi ya kwanza nitakayowapa ni kuchukua daftari zao na kuona ni kasi ipi inayokubaliana na kile ambacho macho yao yaliandika.